Kuiamsha Kompyuta ya Bodi Moja kwa Diski ya Nje

Mwalimu anayemaliza chuo na kupangiwa skuli ya msingi, iwe ya Mji Mkongwe au ya Makunduchi, hana hakika ya kukuta chumba cha kompyuta. Lakini si ajabu akakuta, ndani ya kabati la mwalimu mkuu, kijibodi cha kijani kisichozidi ukubwa wa kiganja, kimetiwa katika mfuko wa plastiki pamoja na waya zake. Akiuliza, ataambiwa kwamba hiyo ilikuwa kompyuta, ililetwa na wafadhili, ikafanya kazi muhula mmoja au miwili, kisha ikafa.

Makala haya yanahusu kompyuta za namna hiyo. Tunakusudia kuonyesha kwamba aghalabu hazijafa: kilichokufa ni kadi ndogo ya kumbukumbu iliyochomekwa ubavuni. Nyingi zaweza kuamshwa kwa diski ya nje inayotiwa katika tundu la USB, hata zile za zamani ambazo hazikuundwa kufanya hivyo. Mwalimu asiye fundi anaweza kuifanya kazi hiyo endapo ataelewa jambo moja, nalo ni mfuatano wa hatua ambazo kompyuta huzipitia tangu inapopata umeme mpaka inapokuwa tayari kutumika. Mfuatano huo huo, kama tutakavyoona, ni somo linalofaa kabisa kwa watoto wa darasa la tano au la sita.

Kompyuta ya bodi moja ni ile ambayo ubongo wake, kumbukumbu yake na matundu yake yote yamo katika bodi moja. Iliyoenea zaidi ni Raspberry Pi, iliyoanza kuuzwa mwezi wa Februari 2012 na taasisi ya Cambridge, Uingereza, kwa nia hasa ya kuwapatia watoto mashine ya kujifunzia. Bei ya ile ya mwanzo ilitangazwa kuwa dola 35. Tanzania Bara, shirika la Powering Potential liliziweka mashine hizi katika skuli za sekondari za Karatu, zikiendeshwa kwa umeme wa jua na zikibeba maktaba ya RACHEL, ambayo husomwa pasipo intaneti. Mashine inayokula umeme kidogo na inayobeba maktaba tumboni mwake inaifaa sana skuli ya shamba. Ila maktaba hiyo yote, pamoja na mfumo endeshi wenyewe, hukaa katika kadi isiyozidi ukucha wa kidole gumba.

Kwa nini kadi hufa

Kadi ya kumbukumbu, ambayo kila muuza simu pale Darajani huiita memori kadi, iliundwa kuhifadhi picha na nyimbo, yaani vitu vinavyoandikwa mara moja na kusomwa mara nyingi. Kompyuta huitumia vingine. Tangu inapowaka huwa inaandika: kumbukumbu za kazi yake, saa, mafaili ya muda, kazi za wanafunzi. Kila chembe ya kadi ina idadi maalumu ya kuandikwa na kufutwa, na ikipita hapo hushindwa kushika kitu.

Hilo ni chakavu la kawaida. La hatari zaidi ni kukatika kwa umeme wakati kadi inaandikwa. Unguja hupata umeme wake kutoka Bara kwa waya uliolazwa chini ya bahari tangu 1980, na wapo wengi wanaokumbuka giza la Mei na Juni 2008, lililodumu karibu mwezi mzima, na lile la Disemba 2009 hadi Machi 2010, lililochukua miezi mitatu. Waya mpya wa megawati 100 uliolazwa 2013 kutoka Ras Kiromoni hadi Ras Fumba ulipunguza shida hiyo kwa kiasi kikubwa. Lakini kompyuta haidhuriwi na giza la miezi mitatu. Wakati huo imezimwa na imekaa kabatini. Inayoidhuru ni dakika moja ya umeme kupotea na kurudi, pale orodha ya mafaili ilipokuwa nusu imeandikwa. Umeme ukirudi, mashine huikuta orodha isiyosomeka, nayo husimama. Tuongeze na hewa ya chumvi, na kuta za mawe na chokaa za Mji Mkongwe ambazo katika masika huvuta unyevu, hata meno ya shaba ya kadi yakafanya kutu.

Diski ya nje haiponyi yote hayo, na ni vyema tuseme hivyo mapema. Diski nayo ikikatiwa umeme katikati ya kuandika yaweza kuharibika. Faida yake ni kwamba ile isiyo na kitu kinachozunguka, inayoitwa SSD, imeundwa kwa kazi ya kuandikwa mfululizo, nayo huvumilia zaidi. Ina nafasi kubwa ya maktaba. Na hata diski ya zamani iliyotolewa katika kompyuta ya ofisi iliyovunjika yaweza kupewa kazi hii. Kuhusu kasi tusijidanganye. Mashine zote hizi kabla ya Raspberry Pi 4 zina USB ya toleo la pili, na faida ya kasi si kubwa ya kutosha kuifanya iwe sababu.

Namna mashine inavyoamka

Kompyuta inapopata umeme haijui kitu. Haijui Kiswahili wala Kiingereza, haijui kioo kiko wapi, haijui kwamba kuna diski. Inachojua ni maagizo machache sana yaliyochomwa ndani ya chipu yake kiwandani, ambayo hayawezi kubadilishwa na mtu yeyote. Katika Raspberry Pi za mwanzo, zenye chipu ya Broadcom BCM2835, maagizo hayo yanasema kwa ufupi: nenda kwenye kadi, tafuta faili liitwalo bootcode.bin, lifuate. Faili hilo nalo huita jingine, start.elf, ambalo husoma mapendekezo ya mtumiaji katika config.txt, kisha hukiita kiini cha mfumo wa Linux, na Linux ndiyo inayofungua programu tunazoziona. (Jambo la kushangaza kidogo ni kwamba sehemu ya chipu inayoamka kwanza si ubongo mkuu, bali ile inayochora picha kiooni; ubongo mkuu huamshwa baadaye, kama bwana wa nyumba anayeamshwa na mpishi.)

Kwa mwanafunzi, na pengine kwa mwalimu pia, mfano wa mjumbe hufaa zaidi kuliko majina ya mafaili. Tuseme mjumbe mgeni ameshuka bandarini Malindi. Vichochoro vya Mji Mkongwe havijui; ameelekezwa nyumba moja tu, iliyoko Mkunazini. Akiikuta imefungwa hana la kufanya ila kukaa barazani. Mwenyeji wake huenda amehamia Shangani, umbali wa dakika chache kwa miguu, lakini mjumbe hatafika huko, kwa kuwa jina la Shangani hajaambiwa. Ndiyo hali ya kompyuta ya zamani iliyochomekwa diski nzima, yenye kila kitu, na ikabaki na kioo cheusi. Diski haina kasoro. Mashine haijui tu kwamba yafaa kutazama upande wa USB.

Tiba yake imo katika mfano huo huo. Mwenyeji hahitaji kurudi Mkunazini na vyombo vyake vyote, inatosha kuacha pale kikaratasi: "Nimehamia Shangani." Kikaratasi chetu ni faili la bootcode.bin. Lile la 2012 halikujua habari ya USB, lakini matoleo yaliyotolewa baadaye, tangu ilipotoka Raspberry Pi 3, yanajua kuitafuta diski ya nje yakikosa cha kuendelea nacho kwenye kadi. Kwa hiyo mashine ya zamani huendelea kuhitaji kadi, lakini kadi isiyobeba ila faili moja dogo, isiyoandikwa kamwe, na ambayo kwa sababu hiyo haichakai.

Kazi yenyewe

Kwanza soma jina la mashine, ambalo katika nyingi limechapwa juu ya bodi. Usikisie, maana njia hutofautiana kwa jina.

Kwa Raspberry Pi ya kwanza ya namna zote, kwa Zero, na kwa Raspberry Pi 2 ya mwanzo, kazi ni hii. Katika kompyuta nyingine yoyote, andika mfumo wa Raspberry Pi OS wa biti 32 juu ya diski ya nje, kwa kutumia programu iitwayo Raspberry Pi Imager. Programu hiyo hufuta kila kilichomo katika diski, basi hakikisha kwanza kwamba diski haina alama za mitihani za mtu. Ikimaliza, diski itakuwa na sehemu mbili, na ile ndogo ya kwanza itasomeka katika kompyuta ya kawaida. Ndani yake limo bootcode.bin. Chukua kadi, hata ndogo ya zamani iliyotoka katika simu mbovu, ifomati kwa mtindo wa FAT32, kisha nakili humo faili hilo peke yake. Tunasisitiza peke yake: kadi ikiwa bado na mafaili mengine ya mfumo, mjumbe atamkuta mtu nyumbani Mkunazini, hatakuwa na haja ya kwenda Shangani. Chomeka kadi, chomeka diski, kisha toa umeme mwisho. Subiri. Diski inayozunguka huchelewa kupata kasi, na mashine yaweza kukata tamaa kabla diski haijawa tayari. Dawa yake ni kuweka katika kadi faili jingine tupu lenye jina la timeout, ambalo huiongezea mashine sekunde chache za kungoja.

Ipo njia nyingine ya zamani zaidi, ya kuiacha sehemu yote ya mwanzo kwenye kadi na kubadilisha neno moja katika faili la cmdline.txt ili Linux ikatafute nyumba yake kwenye diski. Bado inafanya kazi, nasi twaitaja kwa ajili ya mwalimu atakayeikuta imeshafanywa na mtu mwingine na akashangaa kwa nini mashine haiwaki akiitoa kadi.

Raspberry Pi 3 Model B ya Februari 2016, pamoja na Raspberry Pi 2 ya toleo la 1.2, zina maagizo ya kiwandani yanayoijua USB, lakini yamefungwa. Kuyafungua, iwashe mashine kwa kadi nzima mara moja, ongeza katika config.txt mstari usemao program_usb_boot_mode=1, kisha izime na kuiwasha tena. Ukitaka hakika, andika amri vcgencmd otp_dump na utazame mstari wa 17. Ukisoma 3020000a, mlango umefunguka, na kuanzia hapo diski hutosha bila ya kadi yoyote. Alama hiyo haifutiki. Ni kama tarehe iliyochongwa juu ya mlango wa Kizanzibari, si kama chaki ya ubaoni. Haina madhara tunayoyajua, kwa kuwa mashine huendelea kuitazama kadi kwanza ikiwapo, lakini mali ya skuli isichongwe kitu cha kudumu pasipo mwalimu mkuu kuambiwa. Na ule mstari uondolewe katika config.txt mara kazi inapokwisha, kwani kadi hiyo ikihamishiwa mashine nyingine ya aina hiyo itaichonga nayo, mtu asitake. Raspberry Pi 3 Model B+ ya 2018 ilitoka kiwandani ikiwa imekwisha kufunguliwa. Raspberry Pi 4 ya 2019 ni habari nyingine kabisa: maagizo yake ya kwanza yamo katika chipu inayoandikika upya, bootcode.bin haina kazi kwake, na uwezo wa kuamka kwa USB uliongezwa rasmi mwaka 2020.

Sasa tuje kwenye jambo ambalo, kwa maoni yetu, ndilo linalowashinda watu wengi kuliko mafaili: chakula cha umeme. Diski huchomekwa katika tundu la USB ikitegemea kulishwa na kompyuta, na kompyuta nayo hulishwa na chaja ya simu iliyookotwa popote. Raspberry Pi za mwanzo kabisa ziliwekewa vizuizi vilivyoruhusu kiasi cha miliampea 140 tu katika kila tundu, ilhali diski ya kuzunguka yaweza kutaka 500 na zaidi inapoanza. Model B+ ya 2014 na Raspberry Pi 2 hutoa 600 kwa matundu yote pamoja, na mstari wa max_usb_current=1 katika config.txt huzipandisha hadi 1200, ikiwa chaja yenyewe inaweza. Flashi ya kawaida hailalamiki. Diski kubwa itahitaji gawio la USB lenye umeme wake wenyewe. Tangu Model B+, taa nyekundu ya bodi huzimika au kupepesa umeme unaposhuka chini ya volti 4.63, nayo ni shahidi wa kuaminika kuliko maneno yaliyoandikwa juu ya chaja. Taa ya kijani, ambayo kwa desturi huonyesha kusomwa kwa kadi, huenda ikanyamaza mashine inapotumia diski, isikutishe.

Pengine mwalimu mwanafunzi atasema kwamba hii ni kazi ya fundi. Sisi hatukubali. Kinyasini, Kaskazini Unguja, chuo cha Barefoot kimewafunza wanawake wa vijijini, wengi wao wakiwa na elimu ndogo ya skuli, kuunga na kutengeneza mitambo ya umeme wa jua, kwa kutumia rangi za vipande, mikono na kurudia. Hawakuanza na nadharia ya umeme. Walianza na kitu kilicholala mezani na mpangilio wa kukiamsha, na jina la kila kipande lilikuja pale lilipohitajiwa. Fundi wa mjini hulipwa kwa siku, na gharama ya kuja kwake Nungwi au Jambiani yaweza kuishinda bei ya kadi yenyewe. Ndiyo maana kijibodi hubaki kabatini.

Kulifundisha darasani

Kosa la kawaida katika masomo ya kompyuta ni kuanza na istilahi. Mtoto hukariri kwamba kompyuta ina "kumbukumbu", akapata alama, na asijue kwamba neno hilo lina maana gani pale kioo kinapokuwa cheusi. Tunapendekeza andalio la somo lianze pasipo kompyuta.

Weka meza tatu. Mtoto mmoja ni mjumbe, anasimama mlangoni na amefundishwa sentensi moja tu: "Nenda meza ya kwanza, ufanye unachokikuta kimeandikwa." Juu ya meza ya kwanza pana karatasi inayompeleka meza ya dirishani, na huko pana mkoba wenye orodha ya kazi za darasa zima: fulani afungue madirisha, fulani afute ubao, fulani agawe madaftari. Piga makofi, umeme umekuja, mjumbe aende. Darasa litaamka. Mara ya pili ondoa karatasi ya meza ya kwanza bila ya kusema, na uwaache watoto waone mjumbe amesimama bure ilhali mkoba uko pale pale, umejaa. Usieleze. Waulize ni nani mwenye kosa: mjumbe, meza, au mkoba? Wengi watamlaumu mjumbe, na mjadala utakaofuata ndio somo.

Mara ya tatu mpe mtoto kazi ya kuandika ubaoni sentensi ndefu unayomsomea, na katikati ya neno piga makofi: umeme umekatika, aache chaki pale pale. Mwite mwingine aliyekuwa nje aje aisome sentensi hiyo na afanye inavyomwagiza. Hataweza. Hapo ndipo watoto wenyewe huona kwa nini kompyuta huzimwa kwa amri yake kabla ya kuchomolewa, jambo ambalo tukiliandika ukutani kama kanuni huvunjwa kabla ya saa sita.

Mashine yenyewe ije kipindi cha pili, na ije ikiwa na kasoro. Kwa kikundi cha kwanza toa kadi yenye bootcode.bin, kwa cha pili acha kadi, toa diski, kwa cha tatu tumia gawio la USB lisilochomekwa ukutani. Kwa macho, mbili za kwanza hufanana: taa nyekundu ipo, kioo cheusi. Mtoto asiruhusiwe kugusa kitu mpaka aseme mjumbe amekwama meza ipi na kwa nini anadhani hivyo. Katika darasa la watoto arobaini na tano lenye mashine mbili, kanuni hiyo ina faida nyingine, kwani wanaofikiri huwa wengi kuliko wanaoshika.

Kwa kupima, hatuoni haja ya maswali ya kujaza nafasi. Mwite mtoto mmoja amweleze mwenzake aliyekosa kipindi jana namna ya kuiwasha, na wewe kaa nyuma na daftari. Sikiliza kama anataja kadi kabla ya diski. Akizitaja kinyume, muulize tu mjumbe ameanzia wapi, kisha nyamaza umpe nafasi ya kurudi mwanzo.